Samaki Thelathini na Wanane

Jumamosi, 12 Machi 1994

Samaki 38. Wote wanakula.

Nimenunua daftari hili ili mwaka huu pasiwe na ubishi. Bwana Henriksen, mwenye loji yetu hapa Usa River, anasafiri Jumanne kwenda kwao Denmaki, kama afanyavyo kila masika yakikaribia. Wageni hawaji wakati wa tope. Wapishi na wahudumu wamepewa likizo mpaka Juni, tunabaki watu wawili tu: mimi Rachel, mtunza samaki, na Romanus, fundi wa jenereta.

Leo bwana ameniita mbele ya tangi. Ni tangi la kioo, refu kama kitanda cha watu wawili, limejengewa ukutani katika chumba cha chakula. Ndani wamo samaki wa upinde wa mvua. Kwao ni Guinea Mpya, kisiwa kilicho juu ya Australia kwenye ramani. Walishuka kwa ndege miaka mitatu iliyopita ndani ya mifuko ya nailoni, maana siku hizi kila kitu ni ruksa, hata samaki kupanda ndege.

"Mama Eliud," akasema, "nikirudi nataka nikute tangi limejaa. Nikikuta samaki watano wanazungukazunguka, nabomoa, naweka friji za bia."

"Na mimi?"

"Utarudi vyumbani. Unatandika vitanda vizuri sana."

Vitanda nilivitandika miaka sita, na sirudi huko. Nikamwambia kwamba akirudi atakuta na vifaranga. Akacheka. Anasema samaki hawa hawajawahi kuzaa hapa na hawatazaa, kwa sababu ya maji ya Meru. Ni kweli maji yetu yameyapaka meno yetu rangi ya kahawia, mimi mwenyewe nikicheka naziba mdomo. Lakini samaki hawachekei wageni. Tutaona.

Jumatano, 16 Machi

Samaki 38. Wote wanakula.

Romanus anasema ni 39. Alisimama nyuma yangu nikihesabu, mikono imejaa oili, akaniambia, "Mama Eliud, umemruka mmoja. Yuko nyuma ya ule mzizi wa mapambo, hatoki mpaka uzime taa."

Nikamwambia, "Baba Aika, wewe hesabu boliti zako."

Akacheka, akaenda zake akipiga mluzi. Ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki, mtu asiye na haraka na jambo lolote. Mluzi wake ni nyimbo za misa, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hamalizi hata wimbo mmoja.

Jumatatu, 21 Machi

Wingu limeufunika mlima mzima. Bado halijateremka. Samaki 38.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Nimelowa kutoka nyumbani Poli mpaka hapa, viatu mkononi.

Nimesoma kitabu cha bwana kwa msaada wa kamusi. Kinasema huko kwao samaki hawa wanaishi kwenye vijito vya msituni, maji safi yanayopita kwenye mizizi ya miti, na mvua zikianza ndipo wanapozaa, asubuhi. Kuna picha ya kijito kimoja. Kando yake kuna migomba. Niliitazama picha ile muda mrefu, maana ningeambiwa ni kijito chetu cha juu Poli ningekubali. Kumbe samaki hawa hawajaenda mbali na kwao kiasi hicho. Walichokosa ni mvua tu, maana mvua haiingii chumba cha chakula.

Nimetoboa kopo la maziwa matundu madogo madogo. Kesho nitawanyeshea.

Ijumaa, 25 Machi

Nimewanyeshea nusu saa kwa maji ya baridi kidogo. Romanus alikuja kutazama.

"Unawabatiza?"

"Nawaletea masika."

"Basi mimi niwashe radi," akasema, akaenda kuwasha jenereta. Mgao wa umeme umezidi, kwa hiyo asubuhi na jioni lazima jenereta iwake ili pampu ya hewa na hita zifanye kazi.

Jumapili, 27 Machi

Kanisani. Nimemwomba Mungu mambo matatu na la tatu lilikuwa samaki.

Jumanne, 29 Machi

Mvua. Samaki 38. Wote wanakula.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Wamezaa.

Nilifika saa moja asubuhi. Madume walikuwa wameng'aa ajabu, na kwenye paji la uso kila dume alikuwa na mstari wa dhahabu unaowaka na kuzimika, unawaka na kuzimika, kama mtu anayecheza na swichi. Nilikuwa nimening'iniza majini shada la nyuzi nilizofumua kwenye sweta kuukuu la Eliud, mwanangu. Kitabu kinasema mayai hunasa kwenye majani laini, nami sikuona jani laini kuliko sufu. Nikalitoa shada, nikaliinua kwenye mwanga. Mayai, madogo kama punje za ulezi, yanapitisha mwanga, mengi.

Niliketi sakafuni nikacheka peke yangu bila kuziba mdomo. Maji ya Meru hayo.

Romanus alipotoka kwenye jenereta nilimwonyesha. Akavua kofia. "Hongera, Mama Eliud," akasema. Hakutania hata kidogo.

Mayai nimeyachukua nyumbani kwa mtungi, na shada lake. Hapa wazazi wangeyala. Jikoni kwangu, kando ya mafiga, kuna joto mchana na usiku bila jenereta.

Jumanne, 12 Aprili

Yameanguliwa. Ni kama vipande vya kope. Baba mkwe wangu, mzee Aminieli, aliinama juu ya beseni na miwani yake akasema haoni kitu, nimemwekea maji matupu amwangalie nani.

Niliolewa kwake, mume wangu akafariki, na sasa tunaishi wawili Eliud akiwa shuleni. Mzee ana kahawa zake na mimi nina samaki wangu. Kila mmoja anaona mwenzake anapoteza muda.

Chakula cha vifaranga hiki hapa: maganda ya ndizi, ndani ya mtungi wa maji, siku tano juani. Maji yanakuwa na ukungu wa vidudu wasioonekana kwa macho. Unawatilia tone kwa tone. Bwana hununua chakula kama hicho kwenye chupa kutoka Ulaya. Mimi nina mgomba.

Jumatatu, 18 Aprili

Radi imeunguza mota ya kisima. Sasa bomba halitoi maji. Ludovick, karani wa ofisi yetu ya mjini Kijenge, anasema mota nyingine ni mpaka bwana arudi.

Sina wasiwasi. Nyuma ya jengo kuna chemchemi. Nitachota kwa ndoo, kila Jumatatu na Alhamisi nibadilishe robo ya maji. Ndoo za hapa nimezinusa zote: zinanuka sabuni ya sakafu, na sabuni ni sumu kwa samaki. Nitaleta ndoo yangu ya nyumbani, ile ya bluu niliyonunua soko la Kilombero mwezi wa kwanza. Na kila nikimaliza narudi nayo Poli, asije mtu akapigia deki. Ndoo hiyo najua kila kilichoingia ndani yake.

Alhamisi, 21 Aprili

Nimebadilisha maji. Ndoo ishirini, kupanda na kushuka kwenye utelezi. Samaki 38. Wote wanakula.

Ijumaa, 22 Aprili

Konokono wa tangini wamekufa wote. Labda ni baridi. Samaki 38.

Jumanne, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Mvua kutwa. Vifaranga wamekuwa na macho, mawili mawili kama nukta. Nimewagawa kwenye mabeseni matatu.

Ijumaa, 29 Aprili

Watatu wamekufa. Sijui kwa nini. Hawana madoa, mapezi ni mazima. Jana nimebadilisha maji, chakula ni kilekile. Wengine wanapumua haraka, wamepanda juu.

38 kutoa 3 ni 35. Nimetoa tu, sikuhesabu upya. Kuhesabu samaki wanaohangaika ni kazi ya saa nzima, na hesabu ya kutoa niliijua darasa la kwanza.

Jumanne, 3 Mei

Wametulia. Wanakula. Basi.

Ijumaa, 6 Mei

Tisa.

Nimewakuta wameelea asubuhi, dume mkubwa yumo, yule niliyempenda. Rangi ilikuwa imeshaondoka. Samaki wa upinde akifa huwa wa kijivu tu, kama dagaa. Nimewapanga juu ya gazeti nikawatazama. 35 kutoa 9 ni 26.

Nimefikiri tangu asubuhi. Ijumaa iliyopita, na Ijumaa hii. Kuna kitu kinafanyika Alhamisi. Mimi Alhamisi nabadilisha maji, lakini maji ya chemchemi nimeyanywa mwenyewe na yamenituliza kiu. Nani mwingine yupo hapa Alhamisi? Romanus.

Nikaenda kwenye banda la jenereta. Rafuni nikaona kopo la dawa ya mende, ile ya kupuliza, limebaki nusu.

"Baba Aika, hii dawa unaipuliza wapi?"

"Jikoni. Ludovick aliniambia mende wamezidi, nipulize kila Alhamisi jioni."

"Jikoni tu?"

"Jikoni tu, Mama Eliud. Mlango nafunga."

"Na pampu ya hewa inavuta hewa kutoka wapi?"

Pampu inavuta hewa ya chumba cha chakula, na chumba cha chakula kina dirisha la kupitishia sahani kutoka jikoni. Niliona amelitazama lile dirisha. Nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako.

"Lile dirisha nililifunga," akasema.

"Basi wamekufa kwa kukosa mluzi wako."

Nilisema hivyo, nimeandika hapa kwa sababu daftari ni la kuandika yote.

Jumamosi, 7 Mei

Nimekwenda Kijenge, nimeandika faksi kwa mkono wangu, Ludovick ameituma. Nimeandika kwamba samaki kumi na wawili wamekufa kwa dawa ya mende, kwamba fundi wa jenereta ameipuliza bila kuniuliza, na kwamba akiendelea kuwepo siwezi kuahidi tangi. Sikuandika "nadhani" popote. Mtu akiandika "nadhani" kwa Mzungu anaonekana hajui kazi.

Jumanne, 10 Mei

Jibu limekuja. Romanus aondoke leo.

Ludovick alimsomea uwani. Romanus alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama anaweza kumaliza kubadilisha oili kwanza. Akamaliza. Akafuta spana moja moja, akazipanga kwa ukubwa, akanikabidhi funguo za banda.

"Ukiizungusha hendeli usishike kwa kidole gumba," akaniambia. "Inarudi nyuma. Itakuvunja."

Nikasema asante. Kwangu mimi haki imetendeka.

Jumatano, 11 Mei

Nimewasha jenereta mwenyewe. Mara saba. Hendeli imerudi nyuma kama alivyosema.

Samaki 26. Loji imekuwa kimya mno.

Ijumaa, 13 Mei

Wanne. 26 kutoa 4 ni 22.

Jana nilibadilisha maji mengi zaidi, nusu ya tangi, ili kuondoa mabaki ya sumu ya Romanus. Labda imeganda kwenye mawe. Wiki ijayo nitabadilisha zaidi.

Jumamosi, 14 Mei

Jioni nyumbani. Mtungi wa maji ya vifaranga umekauka. Beseni la tatu nimelijaza kwa maji ya mvua ya paani niliyokinga kwa ndoo yangu. Vifaranga wana urefu wa kucha sasa, wanaogelea kwa kundi. Bwana atatumbua macho.

Jumapili, 15 Mei

Nimetoka kanisani nikakuta beseni la tatu lote limekufa. Wote, kama arobaini, wametanda chini kama makapi. Beseni la kwanza na la pili ni wazima, wanacheza. Jiko ni lilelile na chakula ni kilekile. Hakuna mende aliyepuliziwa dawa hapa Poli, na Romanus yuko kwake Sombetini, umbali wa mabasi mawili.

Niliketi kwenye kigoda, na gauni la kanisani, nikaitazama ndoo.

Mzee alikuwa kibarazani anasoma Biblia. Nikaibeba, nikatoka nayo.

"Baba, hii ndoo ya bluu umewahi kuitumia?"

"Ipi, hiyo? Naichanganyia mrututu."

"Lini?"

"Jumatano. Mvua hizi zinaosha dawa kwenye kahawa, kila wiki lazima nirudie. Tangu baada ya Pasaka." Akavua miwani. "Lakini naiosha, mwanangu. Naisuuza mara mbili."

"Baba, si una pipa la dawa?"

"Pipa lilikuwa la chama cha ushirika. Chama kilikuwa kinaleta mrututu na pipa lake na bwana shamba wake. Sasa chama kiko wapi? Nanunua kilo kwenye mfuko wa kaki dukani, nachanganyia kwenye kilichopo."

Mrututu ni dawa ya kahawa, na rangi yake ni bluu. Kwenye ndoo nyeupe hata kipofu angeuona. Nilipitisha kucha pembeni, chini ya ukingo, likatoka ganda la bluu juu ya bluu. Kitabu cha bwana kina ukurasa mzima kuhusu shaba iliyomo kwenye mrututu: inaua konokono kwanza, halafu samaki. Nimeusoma ukurasa huo. Nimeupigia mstari kwa kalamu yangu.

Konokono walikufa tarehe 22 Aprili. Nimeandika mwenyewe, hapo juu: labda ni baridi.

Nyani haoni kundule. Nimelia, na sikulilia samaki.

Jumatatu, 16 Mei

Nimebeba kichwani kutoka Poli sufuria mbili za kupikia ugali ziwe ndoo zangu, nimeosha tangi, nimebadilisha maji kidogo kidogo tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Mkono wa kulia haufungi ngumi.

Jumanne, 17 Mei

Amekufa mmoja zaidi. 22 kutoa 1 ni 21. Jumla kumi na saba, wote kwa ndoo yangu.

Ijumaa, 20 Mei

Ijumaa imepita na hakuna aliyekufa. Wanakula.

Ningeweza kunyamaza. Naandika hili ili nilione likiwa limeandikwa. Samaki wamepona, vifaranga wanakua, bwana atakuja atafurahi, na Romanus atapata kazi kwingine, ni fundi. Hakuna anayejua habari za ndoo isipokuwa mimi na mzee. Nimelifikiria siku nne. Kila nikiwasha jenereta naona zile spana zimepangwa kwa ukubwa, na wazo linakufa.

Nimemwambia mzee nataka kwenda Sombetini kumwomba radhi.

"Utakwenda na nini?" akaniuliza.

"Na maneno yangu."

"Maneno unayo mengi, hayo ndiyo yaliyomfukuza. Mchaga humwendei mikono mitupu. Nitakata isale."

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Sisi Wameru tunauheshimu, na kwa Wachaga ukimletea mtu jani lake kuomba msamaha, hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemuulia ng'ombe.

Jumapili, 22 Mei

Pentekoste. Tumetoka kanisani moja kwa moja, mzee na koti lake la kahawia, jani la isale amelifunga kwenye leso nyeupe.

Romanus amepanga chumba kwa fundi mwashi, nyuma kabisa ya Sombetini, kwenye nyumba ambazo bado nondo zinachungulia angani. Siku hizi anabeba matofali. Mkewe, Anneth, alitukaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Binti yao Aika akamwamkia mzee shikamoo, akatuletea stuli moja, na mzee akaketi. Mimi nikabaki nimesimama, na ikawa afadhali.

Mzee ndiye aliyeanza. "Mwanangu, ndoo niliitumia mimi. Nilichanganyia mrututu."

"Baba, ndoo uliitumia wewe," nikasema, "lakini faksi niliandika mimi." Nikamgeukia Romanus. "Baba Aika, dirisha ulilifunga. Uliniambia ulilifunga. Sikutaka kukusikia kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Nimekukosea mbele ya watu na nimekukosesha kazi. Nakuomba unisamehe."

Mzee akafungua leso. Romanus alilitazama lile jani, mikono yake imepasuka kwa saruji. Halafu akalipokea kwa mikono miwili.

"Isale halikataliwi," akasema. "Mama yangu angefufuka Kibosho aje anichape." Akalichomeka juu ya mlango, kwenye upenyo wa mbao. Anneth akaleta chai. Nilidhani tumemaliza.

Alipotusindikiza akasimama barabarani. "Mama Eliud, mimi na wewe yamekwisha, kabisa. Ila ile karatasi iko Ulaya, na huko hawajui isale."

"Najua," nikasema. Sikuwa nimejua mpaka pale aliposema.

Jumatatu, 23 Mei

Kijenge. Nimeandika hivi: "Bwana Henriksen, faksi yangu ya tarehe 7 ilikuwa ya uongo. Samaki kumi na saba wamekufa kwa ndoo yangu mwenyewe, iliyokuwa na dawa ya kahawa. Romanus hakuhusika. Nilimsingizia bila kuchunguza. Naomba arudishwe. Kuhusu mimi, amua unavyoona. Rachel."

Ludovick aliisoma akaniangalia. "Mama Eliud, ukiituma hii unajichongea. Subiri bwana aone vifaranga kwanza, roho yake ilainike."

"Tuma."

"Nakushauri kama ndugu."

"Ludovick, tuma kabla sijaanza kuwa na akili."

Akatuma. Mashine ilikoroma, karatasi ikapita. Nilipanda basi la Usa nikiwa mwepesi, na njaa.

Jumatatu, 30 Mei

Hakuna jibu. Samaki 21. Mvua zinapungua, asubuhi mlima unaonekana mpaka kileleni.

Jumamosi, 4 Juni

Hakuna jibu. Nimetandika vitanda vyote vya loji kwa ajili ya ufunguzi, maana wahudumu hawajafika. Bado navitandika vizuri. Nimejizoeza.

Ijumaa, 10 Juni

Bwana amefika jana jioni. Leo asubuhi nilimkuta mbele ya tangi, faksi zote mbili mkononi. Nilikuwa nimeleta vifaranga wa mabeseni mawili kwenye ndoo mpya, nyeupe. Nikamwamkia, nikaiweka miguuni pake.

Alichuchumaa. Akainamia ndoo. "Hawana rangi," akasema.

"Rangi huja baadaye. Kitabu chako kimesema miezi sita."

"Wangapi?"

"Wamepita themanini. Wangefika mia na ishirini, beseni moja niliwaua, na wao kwa ndoo ileile."

Akasimama. "Faksi ya kwanza ilinikasirisha nikaijibu dakika ileile. Ya pili nimeisoma kwa wiki mbili. Ningekuwa nimekujibu, ningejibu kwa hasira tena." Akazikunja karatasi. "Ludovick amekwenda Sombetini na gari. Romanus anarudi, na mshahara wa mwezi aliokaa nje. Friji zitakaa jikoni. Wewe unabaki na samaki, lakini daftari lako kuanzia leo linasainiwa na watu wawili. Na huandiki kitu mpaka mwenzako akubali."

"Mwenzangu nani?"

"Unamjua mwingine anayefika hapa saa kumi na mbili asubuhi?"

Jumamosi, 11 Juni 1994

Tumefungua. Wageni saba, wanne wameacha chai ipoe kwa kutazama tangi.

Asubuhi Romanus alikuja na mluzi wake kabla hata sijamwona. Nimempa funguo za banda, akazinusa spana kama mtu aliyerudi kwake. Kisha tukasimama mbele ya kioo, mimi na daftari. Nikamwambia samaki wakubwa ni 21, asaini.

"Umehesabu?"

"Nimetoa. Thelathini na nane kutoa kumi na saba."

"Mimi sisaini hesabu ya kutoa," akasema. "Zima taa."

Nikazima. Tukasubiri. Maji yakawa ya kijani hafifu ya asubuhi, kama kwenye ile picha ya kijito. Wakapita mmoja mmoja, akawa anahesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Nyuma ya mzizi akachomoza jike mmoja mnene, taratibu, akasimama katikati ya wenzake kama mtu aliyechelewa ibada. Tukahesabu mara tatu, na mara ya tatu nilihesabu mimi peke yangu.

Ishirini na wawili, na kumi na saba waliokufa. Mwezi Machi walikuwa thelathini na tisa.

Nimerudi nyuma kwenye daftari, kurasa zote, nimekata kila 38 kwa mstari mmoja. Romanus alisema niache tu, yamekwishapita. Nikamwambia mimi si mtu wa kuacha.

Samaki 22. Wote wanakula.

Ameandika Rachel. Amehesabu Romanus.